Futari kwenye usukani: uchambuzi wa ajali moja ya barabara ya Morogoro

Kwa nini nimekiandika kisa hiki

Madereva huniuliza mara kwa mara: "Bosi, kwani kula huku unaendesha ni kosa?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwa neno moja, ndiyo, halafu naendelea na kazi zangu. Ajali ninayoieleza hapa ilinionyesha kwamba nilikuwa nasimamia sheria ambayo sijawahi kuisoma, na kwamba ipo sheria nyingine, inayonihusu mimi zaidi kuliko dereva, ambayo nilikuwa naivunja kila siku ya kazi.

Nasimamia usafirishaji katika kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani. Majina, mwaka na mahali hasa pa ajali nimeviondoa. Dereva mwenyewe aliisoma rasimu, akanirekebisha mahali pawili, akaridhia wenzetu wa kazi hii waisome.

Usuli

Gari ni fuso la tani saba. Kazi yake ni kupeleka unga, mafuta ya kula na sabuni Morogoro mjini, kushusha kwenye maduka manne ya jumla, na kurudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Ni kilomita 190 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukiiangalia kwenye ramani ni njia rahisi, imenyooka na ina lami nzuri. Anayeipita kila wiki anajua vingine: foleni ya Kibaha, malori ya Zambia na Kongo yanayopanda taratibu yakiwa yamefuatana kumi, vijiji vilivyojipanga kando ya lami na vibao vya 50 kila baada ya muda mfupi, na mizani ya Vigwaza, ambako gari la kuanzia tani tatu na nusu linatakiwa kuingia lipimwe.

Dereva ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa ametimiza miaka tisa kwetu bila ajali hata moja, na wenzake walimwita fundi wa subira kwa jinsi asivyopenda kuovateki. Utingo wake alikuwa kijana wa mwaka wake wa pili kazini.

Ratiba ilikuwa hivi: kutoka ghalani saa 12 asubuhi, kufika Morogoro kati ya saa 4 na saa 5, kushusha mzigo, kula saa 6 hadi saa 7 mchana, kumalizia duka la mwisho na hesabu za stakabadhi, kuondoka saa 9 alasiri, kurudisha gari ghalani saa 2 usiku kabla lango halijafungwa. Niliipanga mimi. Niliipanga nikifikiria mwezi wa kawaida, na Ramadhani ilipoandama sikuigusa. Mimi si Mwislamu. Nusu ya madereva wetu wanafunga, jambo hilo nalijua tangu siku ya kwanza, na bado halikunijia kichwani kwamba saa ya chakula niliyoiweka mchana ni saa ambayo wao hawali chochote.

Kuna jambo moja zaidi la kulijua. Magari yetu yana kifaa cha kufuatilia mwendo. Gari likisimama zaidi ya dakika kumi mahali pasipo kwenye orodha, simu yangu inalia. Tuliweka hivyo kwa sababu ya wizi wa mafuta, na kwa wizi wa mafuta kimesaidia sana. Wiki ile kililia mara mbili kwa gari hili, mara zote jua likiwa linazama. Mara ya kwanza nilimwandikia dereva: "Mbona umesimama?" Akajibu: "Nafuturu bosi." Nikamjibu: "Sawa, jitahidi kuwahi, lango linafungwa saa 2." Mara ya pili niliuliza hivyo hivyo, naye hakujibu, gari likaondoka baada ya dakika mbili.

Siku yenyewe

Ilikuwa siku ya nne ya juma hilo. Mzigo ulishushwa vizuri. Ile saa moja ya mchana dereva aliimalizia chini ya mwembe nyuma ya duka la tatu, macho yamefumba lakini hakulala, kwa sababu makuli walikuwa wanabishana juu ya idadi ya madebe. Saa 9 na dakika kumi waliondoka, gari likiwa tupu.

Vigwaza walikuta foleni ndefu. Walitoka mizani jua limeshakuwa jekundu. Dereva aliniambia baadaye kwamba alipiga hesabu ya kawaida: akisimama kufuturu na kuswali, anafika lango limefungwa, lango likifungwa, yeye na utingo wanalala ndani ya gari nje ya ghala, daku hakuna, na kesho saa 12 anatakiwa awe tayari kwa safari nyingine. Akaamua asisimame. Alikuwa na tende kwenye mfuko wa nailoni na chupa ya chai yenye uji wa pilipili manga ambao mkewe alikuwa amempikia usiku wa daku.

Redio ilikuwa wazi. Utingo akasema, "Kaka, adhana hiyo." Akampa tende tatu. Dereva akazila moja moja, kokwa akiziweka kwenye kitako cha dashibodi mbele ya usukani. Tulizikuta pale pale kesho yake, zimepangana. Tende hazikumsumbua. Alisema alikuwa akiona barabara vizuri na mkono mmoja ulibaki kwenye usukani muda wote.

Tatizo lilianza kwa uji. Utingo alijaza kikombe cha bati, si nusu, mpaka juu. Kikombe kilikuwa cha moto, hakina mkono, na dereva ilimbidi akishike kwa ncha za vidole huku akikitazama kisimwagike. Gari lilikuwa linaingia kijijini. Rekodi ya kifaa inaonyesha kilomita 58 kwa saa mahali pa 50. Mwendo huo ni mita 16 kila sekunde inayopita. Ukikitazama kikombe kwa sekunde mbili, umeshapita mita 32 bila kuiona barabara.

Mbele kulikuwa na zebra, na watu walikuwa wanavuka kwenda msikitini. Gari dogo lililokuwa mbele yao lilisimama kuwapisha, kama inavyotakiwa. Dereva aliinua macho, akakanyaga breki kwa nguvu. Uji ukamwagika wote pajani. Kwa maneno yake mwenyewe: "Mguu ulijinyanyua wenyewe. Sikuutuma." Ule mguu ulikuwa wa breki. Ulirudi chini, lakini fuso lilikuwa limeshaligonga lile gari nyuma na kulisukuma hadi katikati ya zebra. Mzee mmoja aliyekuwa anavuka aliguswa kanzu na bampa ya gari lililosukumwa. Aliguswa kanzu tu. Mwenye gari aliumia shingo. Dereva wetu aliungua paja, malengelenge ya ukubwa wa kiganja.

Wananchi walifika mbio. Walipomwona dereva anashuka suruali ikiwa imelowa uji na tende bado mdomoni, hasira zilipungua. Mmoja wao alimletea maji amwagie paja. Yule mzee wa kanzu alimwambia, "Mwanangu, ungesimama hapa tungekufuturisha." Dereva amenieleza maneno hayo mara tatu kwa nyakati tofauti, na kila mara sauti inambadilika.

Polisi, PF3 na mahakama

Dereva hakukimbia. Aliweka pembetatu, akamwagiza utingo asimamie magari yanayokuja, akapiga simu polisi kisha ofisini. Askari wa usalama barabarani walipima, wakachora ramani ya ajali, wakamwandikia majeruhi PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, aende hospitali. Fuso lilikaguliwa breki, likaonekana zima.

Alipoulizwa kilichotokea, alisema: "Nilikuwa nafuturu." Ofisini liliibuka jambo hapo. Mwenzetu mmoja aliona amejifunga mwenyewe. Angesema tu kwamba gari la mbele lilisimama ghafla. Mimi nilikataa hilo, na bado nalikataa. Uji ulikuwa kwenye pedeli. Askari aliuona kabla hajauliza. Zaidi ya hapo, mwenye gari lililogongwa alikuwa amefanya jambo sahihi kabisa la kuwapisha waenda kwa miguu, na kumsingizia kungekuwa kumuumiza mara ya pili.

Sikutegemea kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Nilifikiri nitasoma "kula huku akiendesha". Hakukuwa na neno kula, wala uji, wala tende. Shtaka lilikuwa kuendesha gari bila uangalifu: kwamba hakuzingatia mwendo, hakuacha nafasi ya kutosha, akaligonga gari lililosimama kwenye kivuko. Uji ulitokea kwenye maelezo ya shahidi tu, kama sababu ya kukosa uangalifu. Alikiri kosa, akatozwa faini, akalipa siku hiyo. Bima kubwa ya kampuni ilitengeneza gari la watu. Shingo ya mwenye gari ilipona baada ya wiki kadhaa, na matibabu yote yaligharimiwa.

Sheria inasemaje

Baada ya hapo nilikaa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya mwaka 1973, nikitafuta chakula. Hakimo. Hakuna kifungu kinachomkataza dereva kula, kunywa maji wala kutafuna karanga. Pombe ni habari nyingine, hiyo imetajwa waziwazi. Kilichopo kwa mambo mengine yote ni wajibu wa jumla: uendeshe kwa uangalifu na kwa kuwajali wanaotumia barabara. Sheria haiulizi una nini mdomoni. Inauliza kama unaliongoza gari.

Kwa hiyo jibu la lile swali la madereva ni refu kidogo kuliko nilivyokuwa nalitoa. Kula peke yake si kosa. Kula kunakokufanya uyumbe, uchelewe kufunga breki, uachie usukani au usiione zebra, hapo umeshaingia kwenye kosa, na chakula ni ushahidi dhidi yako. Huhitaji kugonga mtu ndipo lihesabike. Askari akikuona unayumba na muhogo mkononi, ana haki ya kukusimamisha na kukuandikia. Faini ya papo kwa papo kwa kosa la barabarani tumeizoea kuwa shilingi 30,000, na usipokubali kosa unakwenda kujitetea mahakamani. Hapo ndipo penye ugumu, maana mpaka kati ya anayekula kwa usalama na anayekula kwa hatari unawekwa kwanza na jicho la askari.

Si sisi peke yetu tulio hivi. Kenya, kanuni zao za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 za huko dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea, lakini chakula hakimo kwenye orodha. Anayekula hukamatwa kwa mlango ule ule wa uangalifu. Uingereza, mwongozo wao wa barabara, Highway Code, katika kanuni ya 148, unataja kula na kunywa miongoni mwa mambo ya kuepuka, ila mashtaka yenyewe huwa ni ya kuendesha bila uangalifu. Huko mwaka 2005 mwanamke mmoja alitozwa pauni 60 kwa sababu alikata kona akiwa na tofaa mkononi, na polisi walikuwa wamepiga hadi picha za helikopta kwa ajili ya kesi hiyo. Hakugonga mtu. Hukumu ile ilizungumziwa sana, wengi wakaona imezidi. Mimi nikiifikiria naona mahakama iliutazama mkono, haikulitazama tunda: kona moja, usukani mmoja, mkono uliobaki mmoja. Jimbo la Washington, Marekani, lenyewe lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuvurugika mawazo kwenye usukani, ambamo kula kunaweza kuingia kwa faini ya dola 30, lakini dereva haandikiwi kwa hilo pekee mpaka awe amesimamishwa kwa kosa jingine.

Sheria ya pili sikuitafuta. Niliambiwa na ofisa utumishi tulipokuwa tunaandaa kikao cha nidhamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya angalau dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Nikachukua kalamu. Dereva alimaliza mapumziko saa 7 mchana. Ajali ilitokea saa 12 na nusu jioni. Ni saa tano na nusu mfululizo, na kwa ratiba yangu alikuwa bado na saa moja na nusu mbele. Ile saa ya mchana nilikuwa naihesabu kama mapumziko ya siku nzima, kana kwamba mtu akishapumzika mara moja amemaliza.

Tukaendelea kuhesabu. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kazi kuzidi saa 12 kwa siku, hata ukiongeza saa za ziada. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14; toa moja ya chakula, zinabaki 13. Tulikuwa tunavunja sheria kila siku gari lilipokwenda Morogoro, mwaka mzima, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Karatasi ya ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kiti changu.

Uamuzi tuliofanya, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika asubuhi ya pili, kabla hatujasoma chochote. Dereva alisimamishwa kazi akisubiri kikao, na waraka ukatoka kwa magari yote: ni marufuku kula au kunywa kitu chochote ndani ya gari. Sababu ilikuwa woga. Uongozi ulitaka bima na polisi waone kampuni imechukua hatua, nami nilitaka kuonekana nimechukua hatua.

Waraka ule ulidumu siku kumi na tisa. Madereva wasiofunga waliacha kunywa maji barabarani, na huo ulikuwa msimu wa joto kali. Mmoja alikuja kuniambia kwamba akifika Chalinze kichwa kinamuuma hadi anaona taa mbilimbili. Mwingine alikutwa amelaza chupa ya maji chini ya kiti, anainama kuichukua akiwa kwenye mwendo. Tulikuwa tumechukua jambo la hatari kiasi tukaligeuza la hatari zaidi, maana anayeinama chini ya kiti haoni kabisa.

Kikao cha nidhamu kilifanyika wiki ya tatu. Dereva alipoulizwa ana nini cha kujitetea, alitoa simu yake akasoma ujumbe wangu: "Sawa, jitahidi kuwahi." Hakuusoma kwa ukali. Aliusoma kama mtu anayesoma namba ya gari. Nilikuwa nimekaa upande wa meza wa wanaomhoji.

Niliomba nitoke upande ule, nikaeleza kikao kuhusu ratiba, mapumziko, na kifaa. Uamuzi uliotoka ulikuwa onyo la maandishi kwake, kwa sababu kweli alikuwa na nafasi ya kupunguza mwendo na kweli alipokea kikombe cha moto kijijini; malipo ya siku zote alizosimamishwa; na kuondolewa kwa waraka. Baadhi ya wakuu waliona onyo dogo mno. Hoja iliyowashinda ni kwamba kumfukuza kungebadilisha dereva bila kubadilisha saa 2 ya lango.

Ratiba mpya ilichukua mwezi mzima kuipata, maana kila ukivuta huku inaachia kule. Maduka ya Morogoro yalipunguzwa kutoka manne hadi matatu kwa safari. Lango sasa linafungwa saa 4 usiku. Anayechelewa kurudi kesho yake haanzi saa 12. Mapumziko yamegawanywa mara mbili, moja mchana na moja kabla ya saa tano nyingine hazijatimia, na kwa mwezi wa Ramadhani dereva ndiye anayechagua yaangukie wapi. Vituo sita vya kusimama, vyenye maegesho, choo na msikiti karibu, vimeingizwa kwenye orodha ya kifaa ili simu yangu isilie. Kuhusu kula, kanuni sasa ni hii: maji ya chupa yenye kifuniko cha kuvuta yanaruhusiwa barabara ikiwa nyoofu na nje ya makazi, kitu cha moto, kitu cha kumenya na kitu cha kuhitaji mikono miwili, gari lisimame. Utingo haruhusiwi kumpa dereva chochote ndani ya kibao cha 50.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kwa hakika ni ukweli wa dereva. Kesi iliisha upesi, bima haikutafuta mwanya, na mwenye gari alikubali kuzungumza na sisi badala ya kufungua madai. Sioni kama uongo ungetufikisha hapo.

Kifaa cha kufuatilia kilifaa kwa ushahidi, na kiliharibu kwa matumizi niliyokitumia. Kilinionyesha gari limesimama. Hakikunionyesha mtu mwenye njaa tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyetakiwa kulijua hilo la pili. Nimezungumza na wasimamizi wenzangu wa kampuni nyingine mbili na wote wana kengele ya namna hiyo, na wote wanauliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Tafadhali wekeni vituo vya kupumzikia kwenye orodha kabla ya kuwasha kengele. Ni kazi ya nusu siku.

Nilimwendea pia sheikh wa msikiti ulio jirani na ghala, kwa sababu sikutaka kupanga mambo ya watu wanaofunga bila kuwauliza wanaoyajua. Alinieleza kwamba msafiri ana ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, lakini ruhusa si amri, na wengi wa madereva hupenda kufunga na wenzao. Akasema kuharakisha kufuturu ni sunna, na kunatimia kwa tende moja au funda la maji. Kisha akaongeza kitu ambacho dereva naye alikuwa hajakifikiria: tende moja ungeweza kuila gari likiwa limesimama pembeni kwa dakika moja, na kengele yako isingelia. Ni kweli. Dakika kumi ndizo zilizokuwa mpaka. Lakini dereva alikuwa ameshaulizwa mara mbili, na mtu aliyeulizwa mara mbili hahesabu dakika, anaogopa kusimama kwenyewe.

Utingo tulimsahau. Hakuhojiwa vizuri, hakufundishwa chochote kwa miezi miwili, na ndiye aliyejaza kikombe hadi juu. Alifanya kwa mapenzi: kaka yake ameshinda na njaa, akampa cha moto, akampa kingi. Mafunzo yetu ya udereva wa kujihami yalikuwa ya madereva pekee, kana kwamba kiti cha kushoto hakina mtu.

Bado kuna jambo hatujalimaliza. Mzigo ukizidi tunakodi magari ya nje, na madereva wake ni deiwaka. Analipwa kwa safari, hana mkataba na sisi, wala saa zake hatuzihesabu. Kwake kila dakika ya kusimama ni pesa inayopotea. Wiki iliyopita nilisimama Chalinze, pale ambapo wachuuzi wanakimbilia madirisha na beseni za mahindi ya kuchoma, mayai na korosho. Gari la tatu kupita lilikuwa limebeba mzigo wetu. Dereva alipunguza mwendo, akanyoosha mkono, akapokea hindi linalofuka moshi na mabaki ya chenji kwa mkono ule ule, akaondoka akiwa amelibana hindi kwa meno huku anabadilisha gia. Nimepeleka kwa uongozi pendekezo kwamba mikataba ya magari ya kukodi iwe na saa ya kupumzika iliyolipiwa. Litajadiliwa kwenye bajeti ijayo.